Steji ya Milaya

Mjukuu wangu Lilly aliponiambia mara ya kwanza kwamba Jumamosi anakwenda kucheza bastola, niliweka sahani ya asida, ugali wetu, chini na sikuigusa tena. Juba tumesikia bastola za kutosha. Lilly hakubishana nami. Jumamosi ilipofika alinishika mkono, tukaenda wote mpaka mtaa wa Thongpiny, kwenye ghala ambalo zamani shirika moja lilikuwa likihifadhi vyandarua na mablanketi. Shirika lilikwisha kuondoka, na mwenye ghala akawa analikodisha kwa yeyote anayelitaka. Humo ndani Lilly alinifungua kiganja, akaniwekea kigololi cha plastiki, kidogo kama punje ya mtama.

"Haboba, hiki ndicho kinachotoka," alisema. Ananiita hivyo kama watoto wa Juba wanavyowaita bibi zao. "Kinasukumwa na gesi. Kikikupata unawashwa tu, kama umeumwa na siafu."

"Na macho?"

"Ndiyo maana kila mtu anavaa miwani. Hata wewe utavaa."

Nikavaa. Mtu mmoja mrefu akaniletea kiti, akakipangusa vumbi kwa mkono wa shati lake kabla sijaketi. Huyo alikuwa Fulgensio, mkubwa wa klabu ya mchezo huo, aliyekulia ukimbizini Uganda, huko huko nilikolelea watoto wangu. Tangu siku hiyo kiti kile ni changu, na sijawahi kukikuta na vumbi.

Mchezo wenyewe nilichelewa kuuelewa. Nilidhani watu watasimama mstari mmoja na kulenga duara ukutani. Sivyo. Kila mara ghala hupangwa upya kwa kuta, milango, mapipa na shabaha za kadibodi, na mpango mmoja kama huo wanauita steji. Refa anasoma unaanzia wapi na shabaha ni ngapi. Upite wapi, upige ipi kwanza, usimame au uchutame, hiyo ni akili yako. Shabaha za kahawia unazipiga. Nyeupe ni watu wasio na hatia, na ukimpiga mmoja unakatwa alama. Kengele ya saa ikilia unakimbia, na alama zako zinagawanywa kwa muda uliotumia.

Kinachonipendeza zaidi ni kile kinachofanyika kabla. Wachezaji wanaruhusiwa kupita kwenye steji mikono mitupu. Basi utawaona watu wazima wakitembea polepole, kidole kimenyooshwa, midomo ikisema maneno yasiyosikika, wakisimama hapa na pale kama waumini wa Njia ya Msalaba.

Watu husahau nani alishinda, lakini steji hawaisahau. Mpaka leo wanaizungumzia ya Fulgensio, ambapo ulianza umekaa juu ya bodaboda isiyo na magurudumu, mikono kwenye usukani. Wanaizungumzia na ile ya Akot. Akot ni kijana wa hapa aliyesomea Nakuru, na ndiye mwepesi kuliko wote. Aliwafanya wabebe jerikani ya maji iliyojaa kwa mkono mmoja toka mwanzo hadi mwisho, na Fulgensio alimaliza akiwa ameloa mpaka kwenye soksi.

Lilly si mwepesi. Mkono wake ni wa kawaida tu. Kipaji chake kilikuwa nyumbani, juu ya mkeka wangu, akitoka kazini kwenye mapokezi ya hoteli. Vikombe vilikuwa shabaha, viberiti vilikuwa kuta, na vidole vyangu viwili vilikuwa mchezaji.

"Tembea, Haboba."

Natembea kwa vidole. "Hapa nikisimama naona vikombe vyote."

"Basi hiyo ni makosa. Ukiona kila kitu kutoka mahali pamoja, hakuna mchezo."

Akisogeza kiberiti kidogo, kikombe kimoja kinapotea. Aliweza kufanya hivyo mpaka chai inapoa.

Mwaka huu klabu iliandaa mashindano na kualika wageni wa Kampala. Kutoka Kenya alikuja refa mkuu, mwanamke anayeitwa Quinter, mpole wa sauti. Siku aliyofika, kabla hajakagua kitu chochote, alimwona mlinzi wa lango ameketi juani, akamshikia kiti upande mmoja wakakihamishia kivulini. Nikampenda.

Quinter alikuwa akitafuta mtu. Kule Nanyuki wanaandaa mashindano makubwa, na alitaka kijana mmoja wa kumfundisha kupanga steji, akae huko, alipwe, aifanye iwe kazi. Fulgensio akamtajia Lilly.

"Usiniambie," Quinter alimjibu. "Nionyeshe. Steji yake ikisimama mpaka mtu wa mwisho apige, nitamchukua. Ikifutwa, nitatafuta kwingine."

Kufutwa kwenyewe ni hivi. Steji ikishaanza kupigwa haibadilishwi. Ikibadilishwa, wote warudie tangu wa kwanza, na kama hakuna muda, inatupwa pamoja na alama zake. Ikionekana si sawa kwa wote, inatupwa vilevile. Na muda haukuwepo, kwa sababu mwenye ghala alikuwa akiingiza saruji jioni ya siku hiyo hiyo ya mashindano.

Lilly alitaka steji yake iwe nyumba. Uanze umekaa kitandani, uingie jikoni, sebuleni, chumba cha mgeni, kila chumba kikificha kinachofuata. Lakini mbao nyembamba za klabu zilikuwa zimeliwa na mchwa, na zilizobaki zilikwenda kwenye steji za wengine. Vyandarua vilikuwepo, ila chandarua unaona ng'ambo.

"Nyumba isiyo na kuta ni uwanja," aliniambia, akiwa amechoka.

Nikafungua sanduku langu la bati. Humo mna milaya zangu, zile shuka za kutarizi ambazo sisi tunatandika juu ya viti na vitanda mgeni anapokuja, na kuzitundika ukutani siku ya harusi. Nilizishona Kiryandongo, kambini Uganda, jioni baada ya shamba. Zina tausi, waridi, na moja ina msalaba na njiwa wawili.

"Chukua."

"Zote, Haboba?"

"Nguo ikikaa sandukuni inaliwa na mende."

Alizitundika mwenyewe, kwa kamba na vibanio, kutoka kwenye vyuma vya paa. Mahali pa mlango aliacha milaya ining'inie huru, usukume upite. Ncha za chini alizipandisha mpaka usawa wa goti ili zisichafuke sakafuni. Akajaribu kukimbia humo, bega mbele, na vibanio vikashika. Mimi nilimtazama nikafurahi. Toka akiwa mdogo, wakati mama yake alipokuwa akija naye Kiryandongo kutoka Kakuma, alikimbia kati ya milaya hizo zikiwa zimeanikwa. Kwake na kwangu zilikuwa nguo zilizotoka mikononi mwetu. Wala yeye wala mimi hatukuwaza zaidi ya hapo.

Siku ya mashindano Lilly alisoma maelezo ya steji yake kwa sauti iliyotetemeka mwanzo, kisha ikatulia. Wachezaji wakapita mikono mitupu, wakiruhusiwa kuzunguka nje ya kuta tu. Wa kwanza kupiga akawa Akot.

Kengele ikalia. Akainuka kitandani kama paka, shabaha mbili za kwanza zikatoboka kabla sijapepesa. Akaufikia mlango wa jikoni. Mbele yake milaya ya tausi.

Akot akasimama.

Alielekeza bastola chini mbele yake, kidole nje ya kifyatulio, akainua ncha ya milaya kwa vidole viwili vya mkono wa pili, akainama, akapita, akaiachia polepole ili isipige kelele. Kisha akapiga za jikoni. Mlango wa sebuleni akafanya vile vile, na wa chumba cha mgeni vile vile. Alipomaliza, muda wake ulikuwa wa mzee.

"Akot, umekwenda kuposa?" mtu akamwuliza.

"Alikuwa anangoja mama mkwe amkaribishe."

"Nyamazeni," Akot alisema, ila naye alikuwa akicheka.

Akafuata Fulgensio. Fulgensio alikuwa amemcheka Akot kuliko wote. Kufika mlangoni akasimama, akavuta pumzi, akainua kwa vidole viwili. Akaja Athok, msichana wa Bor anayeuza dawa sokoni Konyo Konyo, na yeye akaonekana akitazama viatu vyake kwanza. Hakuna aliyeweza kuipiga bega milaya ya mtu.

Lilly alikuja kuchutama kando ya kiti changu. "Haboba, wanapita kama wageni."

"Ndivyo walivyofundishwa."

"Sikufikiria hilo hata kidogo."

"Mimi pia sikufikiria."

Kisha akaitwa Semei wa Kampala, mfupi, mwenye jezi ya mpira, mtu wa kicheko. Kengele ilipolia alipiga mbili zake, akaweka bega mbele, akaingia jikoni kama mtu anayekimbia mvua. Kibanio kikakatika. Milaya ya tausi ikashuka yote, na kiatu chake kikatua katikati yake.

"Simama!" Quinter alisema, na Semei akasimama pale pale, bastola imeelekea mbele.

Tuliisikia ndege ikishuka uwanjani.

"Nimefanya nini?" Semei aliuliza. Akatazama nyuso, kisha akatazama chini, kisha akaondoa mguu taratibu. Refa alipokwisha kuhakikisha bastola ni tupu, Semei aliiokota ile milaya, akaikung'uta, akaikunja mara nne bila kuiacha iguse sakafu tena. "Hii iko ya nani?"

"Yangu, mwanangu," nikamjibu.

Alikuja akachuchumaa mbele yangu, akanipa kwa mikono miwili. "Mama, nisamehe. Mimi sikujua. Kwetu pazia iko pazia tu."

"Hukukosea. Kitambaa hufuliwa."

Nilimaanisha hivyo. Lakini Akot alikuwa amekwisha kwenda kwa Quinter.

"Madam, hii steji si fair. Yeye anapita kama lori la barabara ya Nesitu, sisi tunapita kama watu."

"Nani alikuzuia kupita kama lori?"

"Hakuna mtu."

"Ukuta ulikuzuia?"

"Madam, hiyo ni milaya."

"Naiona. Nzuri sana. Nimekuuliza kama ilikuzuia."

Akot akakuna kichwa. "Iko namna hii. Wewe ukienda kwa watu, unaweza kukanyaga kitanda chao kwa sababu ndiyo njia fupi?"

Quinter hakumcheka. Alifikiri kweli. Akatuita karibu na kusema mambo mawili yamekuja pamoja. La kwanza ni jepesi. Ukuta umeanguka, hiyo ni hitilafu ya kifaa, kwa hiyo Semei atarudia na ukuta urudishwe ulivyokuwa. La pili ni zito. Kama wenyeji wote wanafungwa na adabu yao na wageni hawafungwi, basi steji inawapima watu kwa mizani mbili.

"Tuweke turubai badala ya milaya," Fulgensio alisema. "Mimi iko nayo kwenye gari."

"Utakuwa umebadilisha steji. Wote warudie. Una muda?"

Fulgensio akatazama lango, ambako wapakuaji wa saruji walikuwa wameanza kukusanyika.

"Lilly," Quinter alisema. "Ni steji yako. Unasemaje?"

Mjukuu wangu alikuwa amesimama na kamba mkononi. Nilijua anaona Nanyuki ikiondoka. "Mimi niliziona kama kuta," alisema. "Nilisahau kwamba wengine wataziona zilivyo. Akot hajasema uongo."

Nikashindwa kukaa. Niliinuka nikawaambia wote kwamba mwenye milaya ni mimi, nimewapa ruhusa, wazisukume, wazikanyage, nitafua mwenyewe.

"Haboba, wewe unaruhusu na tunashukuru," Akot alinijibu kwa upole. "Mguu wangu ndio hautakubali."

Fulgensio na Athok wakaitikia kwa vichwa. Nilirudi kitini, na Athok akaniletea maji bila kuombwa.

Quinter akasema, "Rudisheni ukuta. Semei arudie kwanza. Halafu nitaamua."

Lilly akaitundika ile milaya upya kwa kibanio kipya, akapima kwa kiganja mpaka ikawa palepale ilipokuwa. Hata kama steji inakwenda kufa, aliitengeneza vizuri. Semei alikaa kitandani, mikono kwenye magoti. Hakucheka safari hii. Aliinama kufunga kamba ya kiatu, na alipoinama alikaa hivyo kwa muda, shingo imepinda, akitazama mbele.

"Uko tayari?" Quinter akauliza.

"Niko tayari."

Kengele ikalia. Mbili za kwanza zikapigwa. Akakimbilia mlango wa jikoni, na alipobakiza hatua moja nikafumba macho. Nilipoyafumbua, Semei hakuwepo. Alikuwa chini. Alijitupa kwa ubavu, bastola imenyooshwa mbele, akateleza chini ya milaya katika ile nafasi ya goti, akazipiga shabaha za jikoni akiwa amelala vile vile. Hakuna uzi uliotikisika. Sebuleni akaingia kwa namna hiyo hiyo, na kutoka chini akaiona shabaha moja iliyojificha nyuma ya meza, ambayo wenzake walilazimika kuizungukia. Chumbani mwa mgeni alitokea akiwa mweupe kwa vumbi toka kidevuni mpaka magotini.

Muda ulipotajwa, ulikuwa mfupi kuliko wa mtu yeyote.

Watu walipiga makofi, hata wapakuaji wa saruji langoni. Quinter alimgeukia Lilly.

"Uliipanga hiyo?"

Nilitamani aseme ndiyo. Neno moja dogo. Nani angejua?

"Hapana, Madam," Lilly alisema. "Ncha nilizipandisha zisichafuke. Sikuwaza kwamba mtu mzima atatambaa."

"Mtu mzima wa Juba hatambai kuingia kwa watu," Fulgensio alisema. "Ndiyo maana hatukuona."

Quinter alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamtazama Akot.

Akot alikuwa amekwisha kwenda mpaka kwenye mlango wa jikoni. Alipiga goti, akainamisha kichwa mpaka sikio likakaribia sakafu, akatazama chini ya milaya kwa muda mrefu, akarudi akijipangusa.

"Kalas," alisema, yaani basi, imekwisha. "Naondoa malalamiko. Njia ya haraka ilikuwepo, na ilikuwa na adabu zake. Sisi hatukuinama."

"Kwa mgongo huu wangu, hata ningeiona nisingepita," Fulgensio alisema.

"Mkubwa, wewe ungekwama jikoni tukupikie humo humo."

Quinter akasema steji inasimama. Waliobaki wakaendelea kupiga. Wageni wawili walitambaa. Askari mmoja wa zimamoto alijaribu, akakwama sebuleni, akamaliza akiwa anacheka kuliko alivyokuwa akipiga. Wenyeji wengine waliinua kwa vidole viwili kama kawaida, na mmoja alivua viatu. Jambo moja nililiona. Hakuna mgeni hata mmoja aliyepitisha bega tena, na hakuna aliyewakataza.

Mtu wa mwisho alipopiga, Quinter alimwita Lilly kando ya kiti changu. Hakumpamba kwa maneno. Alimwambia mlango wa tatu ni mwembamba mno kwa mtu mnene. Alimwambia shabaha nyeupe ya jikoni imekaa mahali ambapo hakuna atakayeigonga, kwa hiyo haina kazi. Alimwambia pia kwamba siku nyingine atafute watu watatu wasiofanana wamjaribie steji kabla, kwa kuwa mtu akijijaribia mwenyewe hajajaribu. Lilly alisikiliza lote, akirudia kila neno kwa midomo.

"Ningeweza kumchukua mtu anayejua zaidi yako," Quinter alimalizia. "Lakini nimekuuliza swali ambalo uongo wake ulikuwa na faida, ukanijibu hapana. Mengine nitakufundisha. Nanyuki kuna baridi. Una sweta?"

"Sina, Madam."

"Tafuta."

Lilly akanigeukia, macho yamejaa. Basi nikamwuliza mimi huyo mama wa Kenya kama baridi yao ni ya asubuhi tu, au ya kutwa.

"Ya kutwa, Mama. Mlima uko pale pale."

Nikajua lazima sweta iwe ya sufu, na yenye shingo ndefu.